Tim Russert: Mtoto wa mzoa taka aliyewahoji wakubwa, akaondoka vipimo vikisema yuko salama

Daktari akikwambia "uko vizuri", kuna nafuu fulani inayoshuka mwilini. Unatoka na karatasi yako, unampigia mwenzako simu, na nyumbani kila mtu anashusha pumzi. Ni furaha halali kabisa. Lakini jibu hilo lina maana gani hasa, na linaishia wapi, ni swali ambalo familia nyingi haziulizi mpaka jambo limeshaharibika.

Maisha ya Tim Russert, mwanahabari wa siasa na mchambuzi wa televisheni wa Marekani, yanalijibu swali hilo vizuri kuliko vipeperushi vingi vya hospitali. Huyu alikuwa mtu wa kujiandaa. Aliwahoji marais, mawaziri na maseneta kwa zaidi ya miaka 16, na hakuna aliyeketi mbele yake bila kujua kwamba mwenyeji wake ameshasoma kila alichowahi kutamka. Hata afya yake aliifuatilia: alikuwa na daktari, alimeza dawa, alifanya mazoezi na kupimwa.

Pamoja na hayo yote alifariki ghafla Juni 13, 2008, akiwa kazini, akiwa na umri wa miaka 58. Kipimo cha mwisho cha moyo wake kilikuwa kimefanyika wiki chache tu kabla, na hakikuonyesha tatizo.

Baba mwenye kazi mbili

Timothy John Russert alizaliwa Mei 7, 1950, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Ni mji wa viwanda, wenye theluji nyingi, na eneo la kusini alikokulia lilikaliwa zaidi na familia za wafanyakazi wenye asili ya Ireland, waumini wa Kanisa Katoliki. Alikuwa mtoto wa kiume pekee kati ya watoto wanne.

Baba yake, ambaye naye aliitwa Timothy na baadaye akajulikana kwa jina la Big Russ, alipigana Vita ya Pili ya Dunia. Ndege ya kivita aliyokuwamo ilianguka, akanusurika. Aliporudi nyumbani hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Alishika kazi.

Kazi zenyewe zilikuwa mbili. Mchana alikuwa katika idara ya usafi ya mji, ile inayozoa taka. Akimaliza hapo aliendesha gari la kusambaza magazeti. Alifanya hivyo kwa miongo mitatu, na mwanawe alikuja kusema kwamba hakuwahi kumsikia akilalamika. Tim mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, alipanda magari ya taka wakati wa likizo ili apate ada.

Kuna watoto wanaopofika juu huificha kazi ya mzazi. Russert alifanya kinyume. Alipokuwa mtu wa kutambuliwa kila mahali Marekani, aliendelea kumtaja baba yake hewani, na wakati wa msimu wa soka ya Kimarekani hakuacha kuishangilia Buffalo Bills, timu ya mji wao.

Mtawa aliyemtengenezea gazeti

Shuleni Russert alikuwa mtundu na msemaji. Mwalimu wake mmoja, mtawa aliyeitwa Sister Mary Lucille, aliona kwamba kumwadhibu kila siku hakutasaidia. Akaanzisha gazeti la shule na kumpa mtoto huyo kazi ya kulisimamia, ili nguvu zake zipate pa kwenda.

Rais John F. Kennedy alipouawa Novemba 1963, Tim alikuwa na miaka 13. Watoto wale walitoa toleo maalumu la gazeti lao na kulituma Washington. Majibu yalirudi kutoka kwa watu wakubwa, akiwemo mjane wa Rais. Kwa mtoto wa mzoa taka wa Buffalo, hiyo ilikuwa ishara ya kwanza kwamba maneno yaliyoandikwa vizuri yanaweza kuingia katika milango ambayo wazazi wake hawajawahi kuikaribia.

Alisoma sekondari ya Wajesuti ya Canisius, kisha Chuo Kikuu cha John Carroll karibu na mji wa Cleveland, alikohitimu mwaka 1972. Mwaka 1976 alipata shahada ya sheria katika mji huohuo. Hakuwa amesomea uandishi wa habari. Alichobeba kutoka darasa la sheria ni tabia moja: usiulize swali kabla hujasoma jalada.

Kutoka siasa hadi televisheni

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ndani ya siasa zenyewe. Alijiunga na ofisi ya Daniel Patrick Moynihan, seneta wa New York na msomi aliyeheshimika, na akapanda hadi kuwa mkuu wa wasaidizi wake.

Mwanzoni alijiona mdogo. Wenzake wengi walitoka vyuo vya kifahari na walizungumza kana kwamba wamezaliwa na vitabu mkononi. Moynihan alimtuliza kwa kumwambia kwamba yale wanayoyajua wao anaweza kujifunza, ila anayoyajua yeye, maisha ya watu wa Buffalo Kusini, wao hawataweza kujifunza kamwe. Russert alisimulia kisa hicho mara nyingi.

Baadaye alifanya kazi na Mario Cuomo, gavana wa New York, na mwaka 1984 akaingia shirika la utangazaji la NBC, akiwa upande wa uongozi. Mwaka uliofuata alisaidia kufanikisha jambo lililozungumzwa sana: kipindi cha asubuhi cha NBC kilirushwa moja kwa moja kutoka Roma, na Papa Yohane Paulo wa Pili akaonekana humo. Mwaka 1988 alifanywa mkuu wa ofisi ya NBC mjini Washington.

Mbele ya kamera alifika kwa kuchelewa. Wakubwa zake walibaini kwamba alivyochambua siasa kwenye simu na mikutano ya ndani kulivutia kuliko baadhi ya yaliyokuwa yakienda hewani. Desemba 1991 akakabidhiwa kipindi cha Meet the Press, kilichokuwa kikirushwa tangu mwaka 1947.

Kabla ya kukabidhiwa, akiwa bado mmoja wa waulizaji, alikuwa ameshaonyesha mtindo wake. Mgeni alikuwa David Duke, kiongozi wa zamani wa Ku Klux Klan aliyegombea ugavana wa Louisiana. Duke alizoea kuulizwa kuhusu ubaguzi wake na alikuwa na majibu tayari. Russert akamuuliza kitu rahisi zaidi: ni viwanda gani vinavyoajiri watu wengi zaidi katika jimbo lako? Mgombea aliyedai kuwatetea wafanyakazi akashindwa kuvitaja. Siku chache baadaye alishindwa uchaguzi.

Siri ilikuwa maandalizi

Lawrence Spivak, mmoja wa waanzilishi wa kipindi hicho, alimpa mrithi wake ushauri mfupi: jifunze kila kitu kuhusu mgeni wako na msimamo wake, halafu simama upande wa pili. Russert alifanya hivyo kwa kila mgeni, awe wa chama gani.

Mtindo wake ulitambulika haraka. Maneno ya zamani ya mgeni yaliwekwa kwenye kioo cha televisheni, yakasomwa taratibu, kisha likafuata swali: ulisema hivi wakati ule, leo unasema vile, ni lipi tulishike? Hakupaza sauti wala kutukana. Wanasiasa waliokuwa na ndoto ya urais walijua kwamba wakikikwepa kiti chake, wapiga kura watajiuliza wanaficha nini.

Kipindi kiliongezwa kutoka nusu saa hadi saa nzima, kikawa kinaongoza kwa watazamaji Jumapili asubuhi. Russert ndiye aliyekiongoza kwa muda mrefu kuliko mtangazaji mwingine yeyote.

Umma wote ulimjua zaidi usiku wa uchaguzi wa Novemba 2000, kati ya George W. Bush na Al Gore. Vituo vya televisheni vilikuwa na kompyuta na michoro ya gharama. Russert alikuwa na ubao mdogo mweupe na kalamu. Alijumlisha kura za majimbo, akafuta, akajumlisha tena, na mwisho akaandika jina la jimbo moja mara tatu: Florida, Florida, Florida.

Ikawa hivyo. Usiku huohuo vituo vilimpa Gore jimbo hilo, vikamnyang'anya, vikampa Bush, vikajirudi tena. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na Bush akashinda Florida kwa tofauti ya kura 537. Ubao ule wa bei rahisi ulikuwa umewaeleza watazamaji jambo lote kwa neno moja.

Lawama hazikukosekana

Si sahihi kumsimulia kama malaika. Katika miaka ya Vita ya Iraq, wakosoaji walisema ukali wake haukutosha pale ulipohitajika zaidi. Makamu wa Rais Dick Cheney alikaa kwenye kiti kile Septemba 2002 na tena Machi 2003, siku chache kabla ya vita kuanza, na akaeleza hoja za serikali kuhusu silaha za Saddam Hussein. Silaha hizo hazikupatikana.

Russert alipoulizwa baadaye kuhusu kipindi hicho, alisema angetamani waliokuwa na mashaka wangempigia simu. Wakosoaji wakamjibu kwamba kazi ya mwandishi ni yeye kuinua simu na kuwatafuta.

Mwaka 2007 alijikuta kizimbani kama shahidi. Lewis Libby, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Cheney, alidai kwamba habari za mke wa balozi mmoja kuwa jasusi wa CIA alizisikia kutoka kwa Russert. Russert akakana mbele ya mahakama, na baraza la wazee likamtia Libby hatiani kwa kusema uongo na kuzuia haki.

Hata hivyo kesi hiyo ilianika mengine. Msaidizi mmoja wa Cheney alieleza kwamba ofisi yao ilikiona kipindi cha Russert kuwa mahali pazuri pa kupeleka ujumbe wao. Russert naye alikiri kwamba maofisa wakubwa wanapompigia, mazungumzo huyachukulia kuwa ya siri hadi wakubaliane vinginevyo. Kwa waandishi vijana, hilo limebaki somo: ukaribu na wenye madaraka hufungua milango, na wakati huohuo unaweza kufunga mdomo.

Kitabu cha baba na ahadi ya mtoto

Nyumbani, Russert alikuwa mume wa Maureen Orth, mwandishi wa jarida la Vanity Fair. Walioana mwaka 1983, na mwaka 1985 wakapata mtoto wao wa pekee, Luke. Kabla ya mtoto kuzaliwa, Russert aliweka nadhiri kwamba mwanawe akizaliwa salama hatakosa Misa ya Jumapili. Watu waliomjua walisema aliitimiza hata alipokuwa safarini kufuatilia kampeni.

Mwaka 2004 alitoa kitabu kuhusu baba yake, "Big Russ and Me". Wengi walitarajia kwamba mtu aliyekaa na marais wote hao angeandika siri za Ikulu ya Marekani. Yeye akaandika kuhusu mzoa taka wa Buffalo, kazi zake mbili na mambo aliyowafundisha watoto wake bila hotuba.

Barua zikamiminika, karibu 60,000. Watu walimwandikia kuhusu baba zao: makondakta, wakulima, askari, wachimba migodi. Kutokana na barua hizo alitoa kitabu cha pili mwaka 2006. Wengi walioandika walikuwa wakisema jambo ambalo hawakuwahi kumwambia baba mwenyewe akiwa hai.

Mwezi wa mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 2008 Russert alikuwa katikati ya kampeni ndefu ya Barack Obama na Hillary Clinton. Usiku wa Mei 6, baada ya kura za North Carolina na Indiana, alitangaza hewani kwamba sasa mgombea wa chama cha Democrat anajulikana. Wengine walikuwa bado wanasitasita kusema. Mwezi uliofuata Obama alipata kura alizohitaji.

Mei hiyohiyo Luke alihitimu Chuo cha Boston, na familia ikaenda Italia kusherehekea. Russert alirejea Washington mapema kwa ajili ya kipindi cha Jumapili, mkewe na mwanawe wakabaki huko.

Ijumaa mchana, Juni 13, alianguka akiwa ofisini kwake NBC akirekodi sauti za kipindi hicho. Wenzake walianza kumpa huduma ya kwanza, gari la wagonjwa likafika, akakimbizwa hospitali. Hakuamka. Tom Brokaw, mtangazaji mwenzake wa miaka mingi, ndiye aliyewatangazia watazamaji wa NBC msiba huo.

Katika ibada ya mazishi, Obama na mpinzani wake John McCain walikaa bega kwa bega. Luke, akiwa na miaka 22, alisimama kumzungumzia baba yake. Big Russ alikuwa bado hai. Mzee huyo alifariki Septemba 2009 akiwa na miaka 85, baada ya kuishi zaidi ya mwaka mzima bila mwanawe wa pekee.

Nini kilitokea ndani ya moyo

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Mwaka 1998 kipimo cha picha kilionyesha madini ya kalsiamu katika mishipa inayolisha moyo wake. Hiyo ni dalili kwamba kuta za mishipa zimeanza kujengeka utando wa mafuta. Alikuwa na shinikizo la damu na mwili mnene. Hakuwa na maumivu yoyote ya kifua. Daktari wake alimpa dawa za presha na za kushusha lehemu, ambayo wengi huiita kolestro, naye akafanya mazoezi.

Aprili 29, 2008, alifanyiwa kipimo cha moyo cha mazoezi. Katika kipimo hiki mtu hutembea au kukimbia kwenye mashine huku umeme wa moyo wake ukisomwa. Alikipita.

Uchunguzi wa mwili baada ya kifo ulionyesha moyo uliotanuka, na utando wa mafuta uliopasuka ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu sehemu ya mbele ya moyo. Mahali ulipopasuka, damu iliganda na kuziba mshipa.

Je, kipimo kilidanganya? Hapana. Kilijibu swali kilichoulizwa. Kipimo cha mazoezi hutafuta mishipa iliyobana kiasi cha kuzuia damu kupita wakati moyo unafanya kazi kubwa. Ni sawa na kuangalia kama bomba limeziba. Lakini mashambulio mengi ya moyo hayaanzi kwenye bomba lililokaribia kuziba. Huanza kwenye utando mdogo, laini, usiozuia damu kupita, ambao siku moja unachanika kama kidonda. Damu hukimbilia kuganda pale, kama inavyofanya ukijikata kidole, na ndani ya dakika chache mshipa uliokuwa wazi asubuhi unakuwa umefungwa.

Ndiyo maana jibu la "uko vizuri" lina maana ya "leo hatujaona mshipa uliobana vya kutosha". Halina maana ya "hutapata shambulio la moyo".

Usitupe dawa

Baada ya vifo vya namna hii, watu huambiana kwamba basi hakuna haja ya dawa wala mazoezi, kama siku imefika imefika. Hilo ni kosa linaloua.

Russert aliishi miaka kumi baada ya kipimo cha 1998 kuonyesha ugonjwa. Dawa za presha na za lehemu hupunguza uwezekano wa shambulio la moyo na kiharusi. Haziondoi hatari yote, kama vile mkanda wa gari usivyozuia kila kifo barabarani, na bado hakuna mzazi mwenye akili anayemwambia mtoto aufungue.

Jambo la pili ni umri wa wazazi. Baba yake Russert alifika miaka 85. Wengi hujifariji kwamba "kwetu tunaishi sana". Historia ya familia ni muhimu kumweleza daktari, hasa kama kuna ndugu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema, lakini maisha marefu ya mzazi si bima ya mtoto.

Na hili si tatizo la Marekani peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa ya moyo na mishipa ya damu huua karibu watu milioni 20 kila mwaka duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mhoji daktari kama Russert

Familia inaweza kuazima mtindo wa mwanahabari huyu kwenye chumba cha daktari. Kwanza, nenda na kumbukumbu. Andika kwenye daftari moja presha, sukari, lehemu, uzito na mzunguko wa kiuno, pamoja na tarehe. Namba moja haisemi mengi, ila mfululizo wa miaka mitatu unasema.

Pili, ukipewa majibu mazuri, uliza maswali matatu zaidi. Kipimo hiki kinaangalia nini? Ni kitu gani hakiwezi kukiona? Nirudi lini? Daktari mzuri hatachukia. Atafurahi kupata mgonjwa anayefuatilia.

Tatu, zijue dalili. Maumivu au kubanwa kifuani kunakodumu zaidi ya dakika chache, maumivu yanayosambaa mkononi, shingoni, mgongoni au kwenye taya, kukosa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo kabisa, kukawa na uchovu usio wa kawaida au pumzi kukatika. Usisubiri kukuche, na usimalize usiku ukisema ni vidonda vya tumbo. Nenda hospitali.

Nne, jifunzeni cha kufanya mtu akianguka. Shambulio la moyo linaweza kuufanya moyo usimame ghafla, na hapo hakuna muda wa kumtafuta ndugu mwenye gari kwanza. Kama mtu hajibu na hapumui kawaida, mmoja apige simu kuomba msaada, mwingine apige magoti pembeni yake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, kandamiza kwa nguvu. Kwa mtu mzima kifua kishuke kama sentimita tano, kasi iwe kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, na usiache mpaka msaada ufike au mtu aanze kupumua. Mkiwa wawili, pokezaneni, kwa sababu inachosha.

Mahali palipo na mashine ya kushtua moyo, iletwe mara moja na maelekezo yake yafuatwe. Kila dakika inayopita bila huduma hiyo, uwezekano wa kupona hupungua kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Ofisi, shule, misikiti na makanisa yenye watu wengi yana sababu ya kuomba mafunzo haya kwa pamoja, na vyama vya huduma ya kwanza hufundisha.

Haya yote hayahakikishi kwamba mtu ataokoka. Wenzake Russert walikuwa karibu naye na walijaribu, na hawakufanikiwa. Lakini kuna walioanguka na leo wanakula chakula cha jioni na watoto wao kwa sababu mtu wa karibu alijua pa kuweka mikono.

Luke Russert naye aliingia NBC mwaka uleule aliofiwa, akafanya kazi ya habari hadi 2016, kisha akaacha na kusafiri nchi nyingi. Mwaka 2023 alitoa kitabu kuhusu safari hizo na kuhusu kumwombolezea baba. Kwa hiyo katika familia hiyo moja, mtoto aliandika kuhusu baba mara mbili, kizazi kwa kizazi. Tofauti ni kwamba Tim aliandika baba yake akiwa hai, na Big Russ akakisoma kitabu chenyewe.

Kama una mzazi aliye hai, Jumapili hii mpigie simu au mtembelee. Muulize presha yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho, iandike kwenye daftari, halafu mwambie na lile lingine ambalo watu 60,000 walilazimika kuliandika kwenye barua.